Hesabu ya Pweza

Nilimwita Pweza kwa kuwa alipokuwa mtoto
alianguka kila alipokata kona ya jikoni,
ukadhani ana miguu minane na hajui aanze na upi.
Sasa anayo mitatu, wala haanguki.
Mie ndiye ninayeyumba.

Miaka thelathini na moja nilipima mizigo Kilindini:
chai, saruji, magunia ya dengu.
Leo napima mbwa.
Kilo ishirini na saba kabla ya kisu,
ishirini na nne na robo baada yake.
Karani hodari huulizia mzigo uliopungua.
Sikuuliza mguu waliupeleka wapi.

Kila wiki ya tatu Daktari Mkamburi husoma mizani,
hukokotoa kwa wino mwekundu,
na dawa hushuka tone,
tone,
kama mfereji wetu wa Tudor siku ya mgao.

Siku ya kwanza tuktuk tatu zilitukataa.
Ya nne, dereva kijana, Mwachiti,
alimtazama Pweza, akayatazama magurudumu yake, akacheka:
"Panda. Hata yangu ni matatu,
na Nyali nafika."

Kaka yangu Mghanga akapiga simu kutoka Voi:
"Pesa ya mabati unamnywesha mbwa?"
Ndiyo.
Mabati yapo Mariakani, hayaishi.

Usiku wa kwanza baada ya dawa hana neno.
Wa pili ndio wenyewe.
Nalala sakafuni, feni inageuza joto lile lile,
kiganja changu juu ya mbavu zake,
nahesabu pumzi kama nilivyohesabu magunia,
na kama zamani, napotea nikifika arubaini,
naanza tena.

Mkojo wake una sumu siku tatu, daktari kasema.
Vaa glavu, mwaga maji, osha, rudia.
Alfajiri Bi Mwanaidi akanichungulia napiga deki ua.
Miaka tisa tumepakana ukuta
na hajawahi kumgusa Pweza: ana udhu wake, sina kinyongo.
"Waosha mara ngapi?"
"Mpaka nichoke."
"Sisi ni saba, moja kwa mchanga," akasema. "Karibu kwetu."
Tulicheka hata Pweza akainua kichwa,
kwa mara ya kwanza tangu juzi.

Jioni nilikuta bakuli juu ya ukuta,
maini ya kuchemsha, bila chumvi,
yamefunikwa kwa sahani,
na juu ya sahani jiwe, kwa ajili ya kunguru.
Nilipotaka kulirudisha akapunga mkono dirishani.
"Hilo ni lake."

Wanasema mbwa hafi maji akiona ufuko.
Hawakusema ufuko uko mbali kiasi gani,
wala kama aogeleaye kwa miguu mitatu
huuona mchanga ule ule.
Daktari anahesabu miezi: kumi labda, labda sita.
Pweza hajui miezi.
Anajua mlio wa kifuniko cha sufuria,
anajua tuktuk ya Mwachiti kabla haijakata kona,
na anajua, sijui vipi,
siku ninayokwenda kulia bafuni,
maana nikifungua mlango namkuta pale pale
ameuziba kwa mgongo.

Jana sikio lilimwasha.
Alikaa kizingitini, akainamisha kichwa,
na nikakiona kile kigutu, chini ya kovu,
kinaanza kutikisika, haraka, haraka,
kikikuna kwa mguu usiokuwapo.
Macho kafumba.
Anangoja raha ifike.

Nikaweka kikombe chini.
Nikachuchumaa, magoti yakilalama,
nikamkuna mimi,
nyuma ya sikio, kwa mwendo ule ule wa kigutu,
kikienda, naenda,
kikikaza, nakaza,

mpaka ikafika.